Nasoma Mita, Maringo

Saa moja na nusu. Jogoo Road nimeigeuzia kisogo.
Buti za mpira, bisibisi, kalamu nyuma ya sikio.
Ofisi ilitupa simu za kupigia picha
lakini mimi bado nabeba daftari:
simu ikilowa haiponi, daftari likilowa hukauka.

Nyumba ya kwanza, kifuniko kimeshika kutu.
Nakibandua. Mende wanatawanyika
kama wachuuzi waliosikia kanjo.
Napangusa kioo kwa kidole gumba.
Uniti tisa. Mwezi jana zilikuwa nne.
Sijapiga hodi, nimeshajua,
na kamba ya nguo inanithibitishia: nepi kumi na moja,
nimezihesabu, kuhesabu ndio mshahara wangu.
Ndunge anatoka na macho ya mtu asiyelala.
"Ni msichana," asema. "Tafadhali usiandike zote."
Naandika zote. Kisha nampa hongera.

Kwenye kona, unga umeshakandwa,
madonge ya chapati yamejipanga chini ya kitambaa
kama watoto waliokatazwa kuamka.
Mwenye jiko hanisalimu tangu bili ya Agosti.
Hata hivyo ananifungia moja kwenye gazeti
na kuitupa mkononi mwangu akitazama pembeni.

Kwa Wandabwa, muosha magari,
mita imelala: sifuri, sifuri, sifuri,
na mimi nimesimama kwenye matope hadi kifundoni.
"Wandabwa, maji haya yametoka wapi?"
"Ni umande, madam."
Natazama juu. Ni Januari, saa nne,
mbingu imekauka kama mgongo wa mjusi.
"Umande," narudia, nikiandika namba ya bomba la wizi.
Anacheka. Ananisuuzia buti kwa umande uleule.

Nyumba hizi za baraza nazijua kwa kiu zao.
Najua nani kaolewa, nani kaachwa,
nani amefungua saluni jikoni bila leseni,
nani analea wajukuu watano na kusema ni wawili.
Mtu atamdanganya pasta, atamdanganya chifu,
lakini choo kikivutwa, mimi nitasoma.

Sasa mlango wa bluu, wa Mzee Otiato.
Uniti moja kila mwezi, miaka sita, haikuzidi.
Chai yake haikuwa na sukari, ila kikombe alikisuuza mara mbili.
2187.
Mwezi jana 2187. Mwezi juzi 2187.
Fomu inataka sababu, na imenipa nne za kuchagua:
mbwa mkali, mita mbovu, lango limefungwa, hakuna mkaaji.
Dirishani pazia ni lilelile, pini yake ileile.
Jirani anamwagilia sukuma za mzee kwa kopo, kutoka bomba lake mwenyewe,
na hasemi kitu, nami siulizi.
Nikiandika "hakuna mkaaji", Jumatatu watakuja na spana.
Naandika: lango limefungwa.
Nyumba hii haijawahi kuwa na lango.

Jua limenikalia utosini. Mitaa sitini na mbili,
hapana, milango sitini na mbili, nimechoka, nakosea,
mtaa ni mmoja.

Jioni, kwangu Kayole, bomba linakohoa hewa.
Hatujasomewa mita tangu uchaguzi.
Kijana wa mkokoteni ananiuzia mtungi kwa bei ya leo,
si ile ya asubuhi, na nalipa
kwa noti iliyolowa mfukoni.
Napima kwa kidole: kupikia, kuoga, na kinachobaki.

Nyawira anafunga kitabu cha hesabu.
"Mama, leo umesoma nini?"
"Nepi kumi na moja," namwambia, "na umande."
Anacheka hadi kikombe kinamponyoka.
Namgombeza, nachukua kitambaa,
naufuta ule ubaridi sakafuni,
naukamulia kwenye mkebe wa dhania.